Koome Alisema Isinunuliwe

Kama kulikuwa na mtu aliyejua magari kuliko walioyaunda, basi ni Koome wa Kinoru, mjini Meru; na kama kulikuwa na mtu aliyejua kwamba anajua, ni huyo huyo Koome. Alikuwa na kibanda karibu na uwanja wa michezo, chenye mabati mapya na kiti kimoja tu, cha kwake mwenyewe. Hakutengeneza magari wala hakuyauza. Mtu aliyetaka kununua gari lililokwisha kutumika alimchukua Koome, wakaenda pamoja kwa muuzaji, Koome akalizunguka gari mikono mgongoni, kisha akatoa neno: nunua, au achana nalo. Neno lake lilikuwa na malipo yake, na watu walilipa bila kunung'unika.

Hakuanza na injini. "Injini huoshwa," alipenda kusema. "Hata maiti huoshwa." Alianza na karatasi: kitabu cha sevisi, cheti cha ukaguzi, kadi za kubadilishia oili. Akishasoma, aligeukia gari lenyewe kuliuliza kama linakubaliana na karatasi zake. Mita ikidai gari lilikuwa la mwalimu wa kwenda shule na kurudi, basi mpira wa kanyagio unasemaje? Usukani umeng'aa kwa jasho la nani? Mbona namba za gia zimefutika, na kiti cha dereva kimebonyea upande mmoja kama kitanda cha mgonjwa? Na jambo moja alilifahamu vizuri zaidi kuliko yote: kujua ni nusu ya kazi, nusu ya pili ni kuaminiwa. Kwa hiyo alimshika kila mteja mkono, akamwinamisha, akamgusisha kidole penye ubovu. "Usiniamini mimi," alimwambia. "Amini kidole chako." Hakuna mteja aliyewahi kubisha.

Huyo ndiye Koome wa mjini. Koome wa nyumbani kwao Kiirua alikuwa mtu mwingine, na huko hakuna aliyemlipa kitu kwa neno lake.

Mdogo wake, Kathuri, alifariki akamwacha mke na watoto, pamoja na shamba zuri lililogusa barabara ya lami, tambarare, lenye udongo mweusi na nguzo za umeme zilizopita palepale ukingoni. Shamba la Koome lilikuwa nyuma, bondeni, kwenye mawe. Baba yao ndiye aliyegawa hivyo kabla hajafa, na Koome hakumsamehe hata siku moja. Hata matanga ya Kathuri hayajaanuliwa, Koome alikuwa amekwisha kwenda kwa wazee kudai kwamba mjane hawezi kusimamia shamba kubwa kiasi kile. Wazee, wakiongozwa na Mzee Mutembei, walimsikiliza mpaka mwisho, wakamwambia shamba ni la mke wa Kathuri na watoto wake, aende kwake akalime mawe yake. Koome akawashukuru, akawapa mikono mmoja mmoja, akaondoka na chuki iliyomjaa hadi kooni.

Mjane mwenyewe aliitwa Cicily, binti wa Embu, mwenye sauti ya juu na mikono isiyojua kukaa bure. Tangu siku ile ya wazee aliapa moyoni kwamba lolote atakalosema shemeji yake, yeye atafanya kinyume. Koome alisema pale panafaa ngano. Cicily akapanda viazi, vikamjazia ghala. Koome alisema chama cha wanawake ni cha porojo; Cicily akajiunga, wakamchagua mweka hazina. Koome alisema ng'ombe yule mwekundu ana kifua, auzwe haraka. Cicily akamweka, na ng'ombe akazaa akawa anatoa maziwa kama mfereji. Mtu akishafanikiwa kwa kumpinga jirani yake, kumpinga huko kunakuwa dini. Na Koome, ambaye kazi yake ni kusoma dalili, aliisoma hiyo mapema.

Kulikuwa na mtu wa tatu katika boma lile, na kwa kweli hadithi hii ni yake zaidi, ingawa alisema machache. Ni mama yao. Watu walimwita Mama Koome, kwa mila ya kumwita mzazi kwa jina la kifungua mimba wake. Lakini jina tu ndilo lililotoka kwa Koome. Uji alikorogewa na Cicily, blanketi alifunikwa na Cicily, na kifua chake kilichobana kila baridi ya Kiirua iliposhuka, ni Cicily aliyekaa akikisugua. Koome alikuwa akija Krismasi na mkate.

Mwaka ule wa katiba mpya, viazi vilikuwa na bei, na Cicily akauza mazao ya misimu miwili pamoja na yule ng'ombe mwekundu. Alitaka pikapu. Pikapu ingebeba viazi hadi soko la Meru bila kungoja madalali, na siku kifua cha mama mkwe kikibana, ingempeleka hospitalini bila kupigia mtu magoti. Kila kitu alichokuwa nacho, ukitoa shamba, kilikuwa ndani ya pesa hizo.

Muuzaji alipatikana Embu mjini, jina lake Ireri, mtu wa ukoo wa kina Cicily. Alimwita Cicily dada, akamwita mama yake shangazi, akasema pikapu ilikuwa ya mwenye shule na haijui hata vumbi. Cicily alikuwa tayari kwenda peke yake. Mama Koome ndiye aliyekatalia mlangoni, amejifunga shuka, akisema hakuna gari litakaloingia boma lile kabla mwanawe hajalitazama. Cicily akauma meno, akampigia shemeji yake simu.

Koome alikubali mara moja, tena bila malipo. Alimbeba kwa gari lake mwenyewe, wakapita Chogoria, wakapita Chuka, akimwuliza habari za watoto kwa upole hata Cicily akaanza kumtazama kwa pembeni. Sitaki mtu adhani kwamba Koome aliondoka Kinoru na shari moyoni. Aliondoka na moyo wake wa kila siku. Shari aliikuta Embu.

Pikapu ilikuwa nyeupe kama sahani ya harusi. Ireri alitoa karatasi kabla hajaombwa, na Koome akaketi kwenye tofali kuzisoma. Kitabu cha sevisi kilipigwa mihuri vizuri, ukurasa kwa ukurasa, miaka mingi ya matunzo. Ila miaka yote hiyo ilikuwa imeandikwa kwa kalamu moja, kwa mkono uleule usiochoka wala kubadilika. Mita ya gari ilikubaliana na kitabu. Cheti cha ukaguzi cha mwaka uliotangulia hakikuwapo. "Kimeingia maji," Ireri alisema. Koome akaitikia kwa kichwa kana kwamba vyeti vyote huingia maji.

Kisha akainuka, akaweka mikono mgongoni, akaizunguka.

Kioo cha mbele, ukikitazama kuelekea jua, kilikuwa na vijidonda vidogo vidogo pande zote, vya mchanga unaopiga gari likienda mbio za kuua, siku baada ya siku. Mpira wa kanyagio la breki ulikuwa mpya. Chuma chini yake kilikuwa kimelika. Nyuma, springi zilikuwa zimeongezwa bamba moja la chuma. Kulabu za kufungia kamba zililika hadi zikawa nyembamba kama vidole vya mtoto. Akainua zulia la mpira kwenye sanduku la nyuma, akakwaruza rangi mpya kwa ukucha, na chini yake akaona doa la rangi ya kutu, lile ambalo maji ya majani ya migomba huliacha na ambalo sabuni yote ya Kenya haiwezi kuling'oa. Majani ya migomba ndiyo yanayofungiwa miraa. Basi hapo mambo yote yalikuwa wazi. Pikapu hii haikuwa ya mwenye shule. Ilikuwa imekimbia kutoka Kangeta, kwenye mashamba ya miraa, kwenda Nairobi na kurudi, kila siku iliyopambazuka, shehena juu ya shehena, mguu wa dereva haujainuka. Gari la namna hiyo likishachoka haliuzwi Meru, kwa kuwa kila mtu wa Meru angelijua kwa harufu. Huletwa huku chini, likapakwa rangi, mita ikarudishwa nyuma, likatafutiwa mtu asiyezijua dalili.

Mwisho akafungua kifuniko cha oili. Ndani yake kulikuwa na povu la rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yanaingia kwenye oili. Gasketi ilikuwa imekwisha, na kichwa cha injini pengine kimepinda. Ingetembea, ndiyo. Ingetembea wiki, pengine miezi, tambarare na bila haraka. Halafu siku moja, ikipanda mlima imebeba mzigo, ingechemka na kufa papo hapo.

Koome akakifunga kifuniko. Alikuwa amekwisha kunyoosha mkono wake kumwita Cicily aje aguse lile povu kwa kidole chake. Mkono ulikuwa umekwisha kunyooka! Hapo ndipo alipoliona shamba: pesa zote zimekwisha kwenye chuma hiki kibovu, ng'ombe ameuzwa, viazi vimeozea ghalani, na mjane hana la kufanya ila kuuza lile shamba la barabarani. Na nani atakayelinunua, kama si mtu wa ukoo?

Uongo angeweza kusema. Lakini Koome hakuwa mjinga. Akisema gari ni zuri, kwanza Cicily angelikataa kwa mazoea. Pili, likiharibika, jina lake la Kinoru lingeharibika nalo. Akarudisha mkono mfukoni. Akaamua kusema kweli.

"Baba Kendi, unaonaje?" Cicily akamwuliza, akimwita shemeji yake kwa jina la mtoto wake kama ilivyo desturi.

"Hii ni takataka," Koome akasema kwa sauti, mbele ya Ireri na mbele ya vijana wote wa pale. "Gari ya miraa hii, imetoka Kangeta ikiwa maiti. Lakini nyinyi watu wa Embu ndio mko hivyo, mtu akipaka kitu rangi mnaona harusi. Usinunue. Wewe hata baiskeli hujawahi kununua, utajulia wapi gari?"

Ireri akacheka. "Dada, si umesikia? Huyu shemeji yako anatuona sisi washamba."

"Nimesikia," Cicily akasema. Shingo ilikuwa imemsimama.

Hata hivyo hakuwa mwanamke wa kutupa pesa kwa hasira tu, na hili ndilo linaloniuma kila nikilikumbuka. Alimwomba Koome waende wakanywe chai kwanza. Hotelini aliagiza chai na mandazi, akakaa akikizungusha kikombe, kisha akamtazama shemeji yake usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi ya mumewe.

"Baba Kendi, wacha tuongee kama watu wa boma moja. Kathuri alikuwa anasema, kwa mambo ya gari, hakuna mtu anakushinda. Mimi sijui gari. Niambie tu pole pole. Ni mbaya kweli, ama ni ile mambo yetu?"

Alikuwa amefungua mlango, tena wazi kabisa. Koome hakuhitaji hata maneno. Angemshika mkono, wakarudi pale, akamgusisha kidole. Usiniamini mimi, amini kidole chako. Wageni wangapi alikuwa amewafanyia hivyo kwa pesa kidogo?

Akamega andazi, akatafuna, akameza.

"Ni mbaya, nimesema," akajibu. "Lakini usijali. Hizo pesa nipe mimi. Nitakaa nazo pale Kinoru, nikutafutie ingine. Bei utaachia mimi, hayo si mambo ya wanawake."

Aliuona uso wa Cicily ukijifunga, kama duka linapofungwa askari wa kanjo wakitokea kwenye kona. Akajua imekwisha. Akaagiza chai nyingine.

Pikapu ilinunuliwa jioni ileile.

Kiirua waliiosha, maana gari jipya haliingii boma kimyakimya. Mbuzi akachinjwa, mukimo ukapondwa, pasta akaja akaweka mikono juu ya boneti akaiombea dhidi ya ajali na macho ya maadui. Koome alifika amevaa koti. Watu walipokuwa wakila, akasimama bila kuitwa.

"Mimi nilisema isinunuliwe," akasema. "Na hapa mbele ya Mungu na mbele yenu nasema tena. Ni gari mbovu. Msije kesho mkasema Koome alinyamaza."

Watu wakatazamana. Wivu huo, mmoja akanong'ona, na wengine hawakunong'ona, walisema wazi.

"Asante, shemeji, tumesikia," Cicily akajibu akitabasamu. "Mwongezeeni nyama, pengine ni njaa."

Boma zima likaangua kicheko. Koome naye akacheka, akapokea nyama. Alikuwa na haki ya kucheka kuliko wote.

Alipokuwa akiondoka, mama yake alimwita jikoni. Alikuwa ameketi karibu na moto, pumzi zikipita kifuani kwa mlio. Alizungumza naye Kimeru, polepole, kwa kuwa maneno marefu yalimchosha.

"Ulimwambia vile ukijua hatasikia."

"Mama, niseme mara ngapi? Hata kanisa zima limesikia leo."

"Nilikuzaa mimi, Koome. Nakujua ukisema kitu ili kisikike, na nakujua ukisema ili kisisikike. Nenda umshike mkono umwonyeshe, kama unavyowaonyesha hao watu wako wa mjini. Gari bado halijaenda mbali. Atalirudisha."

"Akitaka kuonyeshwa, anajua kibanda changu kilipo."

"Hiyo gari nitaipanda mimi."

Koome alisimama mlangoni. Kwa muda mfupi alikuwa mtoto tena, na aliona haya, haya ya kweli, ile inayochoma masikio. Haya hiyo ikageuka hasira upesi, kama ilivyo kawaida yake kwa watu wa namna ile.

"Basi usiipande," akasema, akatoka.

Yaliyofuata yalimkondesha Koome. Pikapu ilitembea! Ilibeba viazi, ikabeba kabichi, ikabeba kwaya ya kanisa hadi Nkubu na kurudi. Kila siku ya soko Cicily alimwambia dereva wake apite Kinoru kwa makusudi, na pale mbele ya kibanda wakapiga honi ndefu. Majirani wa Koome walikufa kwa kicheko. Yeye aliinua mkono kuwapungia, huku masikio yake yakiisikiliza injini. Mwanzoni haikumwambia kitu cha kumfurahisha. Akaanza kulala vibaya. Je, alikosea? Halafu siku moja akausikia, mlio mdogo wa kukauka, na moshi mweupe ukafuata nyuma ambapo awali haukuwapo. Siku hiyo alikula vizuri. Alienda Kiirua Jumapili, akasimama barabarani akilitazama shamba la mdogo wake, akiamua mahali ambapo lingekaa duka la vipuri na mahali ambapo magari yangegeukia.

Msimu wa mvua ukaja na baridi yake. Asubuhi moja kifua cha Mama Koome kilibana kisifunguke. Daktari wa karibu alimsikiliza, akaandika apelekwe Meru mjini mara moja, wakampe hewa ya mitungi. Alisema atatafuta gari la wagonjwa. Cicily akasema la nini kungoja? Gari analo. Alijivunia hata katika saa ile, maskini. Ndicho kitu alichokinunulia. Wakamketisha Mama Koome mbele katikati, Cicily akamkumbatia, dereva akakanyaga mafuta kwa kuwa ilikuwa haraka, na barabara ikaanza kupanda.

Koome alikuwa kibandani na mteja. Simu ikalia mezani, akaona jina: Shemeji. Mteja akamwambia ashike. Koome akatabasamu.

"Huyu mwache," akasema. "Nilimwambia gari ni mbovu, hakusikia. Leo imemlalia njiani, anataka nikamwokoe. Acha alie kidogo."

Simu ikakatika, ikalia tena. Koome akaigeuza kifudifudi. Ilitetemeka juu ya meza kama mende aliyepinduliwa, ikatulia, ikatetemeka tena. Kila ilipolia alisikia utamu, na sioni sababu ya kuficha neno hilo, ulikuwa utamu. Gari lake mwenyewe lilikuwa hapo nje, tangi limejaa, na pale walipokwama hapakuwa mbali. Akaendelea kumweleza mteja jinsi ya kutambua kiti kilichoshonwa upya.

Hatimaye ikalia kwa namba asiyoijua. Hiyo aliishika, maana huenda ni kazi. Ilikuwa sauti ya Munyi, jirani yao wa Kiirua, aliyewakuta njiani akipita na trekta.

"Koome, uko wapi? Tumekutafuta. Ni mama yako. Gari ilichemka ikazima pale mlimani, mvua inanyesha, hakuna gari ingine ilikuwa inapita. Amemalizikia hapo ndani ya pikapu. Shemeji yako bado amemshika, amekataa tumtoe."

Mteja alimwona Koome akiketi kwenye kile kiti chake kimoja. Alimwuliza kama kuna ubaya. Koome akasema mama yake amefariki, na sauti iliyotoka haikufanana na yake.

Wakamzika Kiirua, kando ya mumewe na Kathuri. Hema zilijaa. Watu walimpa Koome nafasi ya mbele, na wote waliompa mkono wa pole waliongeza neno: ulisema, Koome, tulikusikia, sisi ndio tulicheka. Wakati jeneza likibebwa, mtu mmoja alimsogelea sikioni akamwomba wiki ijayo amkagulie gari analotaka kumnunulia mkewe, kwa kuwa sasa amejua nani mkweli. Pasta, yule yule aliyeiombea pikapu, alihubiri kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na akamtazama Cicily aliposema hivyo. Waombolezaji nao wakamtazama.

Cicily akaomba kipaza sauti. Alikuwa amekonda, na ile sauti yake ya juu haikuwapo.

"Mimi sina mengi," akasema. "Mama amekufia mikononi yangu, ndani ya gari niliambiwa nisinunue. Niliambiwa Embu. Niliambiwa hapa hapa mbele yenu, nikamwongezea mtu nyama kama mbwa ndiyo mcheke. Nilifikiri ni wivu. Kumbe alikuwa ananipenda, mimi na mama. Hata siku hiyo nilimpigia simu hakushika, na simlaumu, nani atashika simu ya mtu kichwa ngumu kama mimi? Nimeua mama yake. Sina kitu ya kumlipa. Hii shamba Kathuri aliniachia, namrudishia mbele ya wazee. Mimi na watoto tutaenda kwa wazazi wangu Embu, wakitukubali."

Binti yake mkubwa, Makena, aliyekuwa ameshika picha ya nyanya yake, akaanza kulia kwa sauti. Hakuna aliyemnyamazisha.

Mzee Mutembei akainuka kwa shida. Alisema yeye na wazee wenzake nao walimkosea Koome zamani, walimdhania tamaa, na leo Mungu amewaonyesha wazi nani alikuwa mwenye haki katika boma hili. Akamwomba Koome aseme neno, amjibu mjane.

Koome akasimama. Maneno yote alikuwa nayo mdomoni. Povu la rangi ya chai ya maziwa, mandazi ya Embu, simu iliyogeuzwa kifudifudi. Hakuna aliye hai aliyeyajua yote ila yeye, na yalitaka kutoka. Alimwogopa Mungu, aliliogopa lile jeneza, aliwaonea aibu hata watoto. Na chini ya woga na aibu, mahali pa ndani kabisa, palepale aliponuna siku baba yake alipogawa ardhi, aliisikia furaha ikijinyoosha. Shamba lilikuwa lake. Alipewa mbele ya watu, bila kununua.

Akasafisha koo.

"Nimemsamehe," akasema.

Makofi yakapigwa, na kina mama wakapaza sauti kumsifu Bwana. Cicily akaja mbele mbio mbio, akaupokea mkono wa shemeji yake kwa mikono yake miwili, akapiga goti kwenye matope.

"Asante, Baba Kendi," akamwambia huku analia. "Asante kwa kunisamehe."